Faili zote ni MP4 lakini TV inacheza moja tu, naomba kueleweshwa

kamera_ya_umoja:

Habari zenu wadau. Mimi hupiga video za ruracio (sherehe za mahari) na harusi hapa Nairobi na kaunti za karibu, na kuna jambo nataka nilielewe mwanzo mwisho, sio tu nitajiwe programu ya kudaunlodi alafu nirudi hapa mwezi ujao na shida ile ile.

Kuna familia niliwapelekea kazi yao kwa flashi. Faili zilikuwa tatu. Ya kwanza ni ile niliediti kwa laptop nikaitoa 1080p. Ya pili ni hotuba ya wazee vile ilitoka kwa kamera, dakika kama 25 hivi, walitaka wapewe nzima bila kukatwa popote. Ya tatu ilirekodiwa na simu mpya ya shemeji yao. Zote tatu zinaishia .mp4. Wakachomeka flashi kwa TV ya mama huko Kangema, ya kwanza ikacheza poa kabisa, ya pili picha ni safi lakini wazee wanaongea na hakuna sauti hata kidogo, na ya tatu TV inasema tu faili haitambuliki. Kwa laptop yangu zote zinacheza bila shida. Mama sasa anaona nimempa video mbovu na mimi najua ziko sawa.

Sasa kama zote ni MP4 mbona zinatofautiana? Hii kodeki watu husema ni nini hasa na inahusiana vipi na hiyo MP4? Jamaa mmoja aliniambia nibadilishe tu jina mwishoni iwe .avi, mwingine anasema nizikonvati zote upya, na laptop yangu ni ya zamani, kukonvati kazi nzima inakaa masaa mengi sana na stima ikipotea katikati naanza mwanzo.

otis_kayole:

Weka VLC bro, hiyo hucheza kila kitu.

kamera_ya_umoja:

Asante, VLC ninayo kwa laptop. Lakini mama hana laptop, ako na TV na flashi, na ndio huyo ninataka aone hotuba ya wazee wake.

sauti_na_picha:

Ndugu umeuliza vizuri na nitakujibu kirefu kidogo, kwa sababu ukishika hili moja utaacha kupoteza usiku mzima ukikonvati vitu ambavyo havikuhitaji kukonvatiwa.

MP4 ni kontena. Kazi ya kontena ni kubeba tu. Inabeba traki ya picha, traki ya sauti, pengine na maandishi ya chini ya skrini, alafu inaweka orodha inayoonyesha kila kipande kiko sehemu gani ya faili na kinatakiwa kutokea wakati gani ili mdomo na sauti viende pamoja. Fikiria magunia pale Marikiti, kwa nje yote yanafanana lakini hii iko na njahi na ile iko na ndengu. Kodeki ndio inakuambia ndani kuna nini, yaani picha ilibanwa kwa njia gani na itafunguliwa kwa njia gani. Na sauti nayo iko na kodeki yake tofauti, hapo ndipo watu wengi hupotea, wanadhani video ni kitu kimoja na kumbe kuna vitu viwili vimesafiri pamoja na kimoja kinaweza kufunguka kingine kikagoma.

Kwa nini picha ibanwe? Piga hesabu kidogo. Fremu, yaani picha moja kati ya zile zinazofuatana, ya 1080p ni pikseli 1920 mara 1080, hiyo ni zaidi ya milioni mbili. Usipoibana, hata ukishapunguza taarifa za rangi vile kamera nyingi hufanya, fremu moja inakula kama megabaiti 3.1. Kwa fremu 25 kila sekunde hiyo ni karibu megabaiti 78 kwa sekunde, na kwa saa moja ni giga 280. Hotuba yako ya dakika 25 peke yake ingekuwa zaidi ya giga 116, hakuna mtu angekubebea hiyo kwa flashi.

Sasa angalia vile H.264 inafanya, ambayo pia utaona ikiitwa AVC. Hii ilitoka 2003, wakaitengeneza watu wa ITU, shirika la kimataifa la mawasiliano, pamoja na wa MPEG, kundi la wataalamu wa video. Inategemea ukweli kwamba fremu moja na inayofuata karibu zinafanana. Mzee amesimama mbele ya hema, hema halitembei, viti havitembei, kinachosonga ni mdomo, mkono na ile bakora ameshika. Kwa hivyo inahifadhi fremu moja nzima, hiyo inaitwa fremu ya I, alafu kwa zile zinazofuata inaandika tu nini kimebadilika na kipande gani cha picha kimesogea kutoka wapi kwenda wapi. Zile za P huchukua taarifa kutoka fremu zilizopita, zile za B zinaweza kuchukua kutoka nyuma na mbele pia. Juu ya hiyo inatupa vitu vidogo vidogo ambavyo jicho la mtu halivifuatilii sana. Hapo giga 116 zinashuka mpaka kitu unaweza kutembea nacho mfukoni.

H.265 au HEVC ni ya 2013, inaendeleza wazo lile lile lakini inachunguza picha kwa makini zaidi, mfano inaweza kushughulikia kipande cha pikseli 64 kwa 64 mara moja wakati H.264 inaishia 16 kwa 16, kwa hivyo ukuta mtupu au anga la bluu linaandikwa kwa nafasi ndogo sana. Faili inaweza kushuka mpaka karibu nusu na macho yasione tofauti kubwa. Gharama yake ni kwamba kuifungua ni kazi nzito.

Na hapo ndipo TV inaingia. Laptop inafungua video kwa programu, ukiwa na VLC kodeki ziko ndani tayari, ikikosa chipu ya kusaidia inatumia nguvu ya prosesa. TV haiko hivo. Ndani yake kuna chipu iliyotengenezwa kufungua kodeki fulani, kwa ukubwa fulani wa picha, na orodha hiyo ilifungwa siku ilitoka kiwandani. Alafu kuna mambo ya leseni, baadhi ya kodeki kampuni lazima ilipie, kwa hivyo TV ya bei nafuu mara nyingi huachiwa zile za lazima tu. TV ya mama inaweza kufungua MP4 bila shida yoyote, ikaangalia ndani, ikakuta kitu haikufundishwa.

Kubadilisha jina iwe .avi hakusaidii kitu, jina haligusi kilichomo. Fungua MP4 kwa programu ya kuonyesha baiti na utaona herufi ftyp karibu kabisa na mwanzo, AVI inaanza na RIFF, na hizo ndizo programu na mashine nyingi za kucheza video husoma zikitaka kujua faili ni ya aina gani. Ukidanganya kwa jina, kuna TV zitakataa hata ile iliyokuwa inacheza.

Fanya hivi, daunlodi programu inaitwa MediaInfo, ni ya bure na ni ndogo. Vuta kila faili uweke hapo alafu utuletee inasema nini kwa picha na kwa sauti.

kamera_ya_umoja:

Asante sana bosi, sijawahi kuelezwa hivi. Nimeiweka na nimesoma zote tatu, naandika vile inaonyesha:

Ya kwanza, picha ni AVC, High@L4, biti 8, 1920 kwa 1080. Sauti AAC.

Ya pili, picha ni AVC pia, fomati imeandikwa XAVC, megabiti 50 kwa sekunde. Sauti PCM, 48 kHz, biti 16, 1536 kb/s.

Ya tatu, picha ni HEVC, Main 10, biti 10, 3840 kwa 2160. Sauti AAC.

Kumbe hizi vitu zinasomeka! Ya tatu naona ni ile HEVC umesema. Lakini ya pili mbona, si ni AVC kama ya kwanza?

sauti_na_picha:

Ndio, na angalia vizuri vile hiyo inaeleza kila kitu kilichotokea kwa TV. Picha ya pili ni AVC, ndio maana picha ilionekana safi. Sauti ni PCM, hiyo ni sauti ambayo haijabanwa kabisa. 48,000 mara biti 16 mara chaneli mbili, unapata 1,536,000, ndio hiyo 1536 unaona. Kamera zinazorekodi XAVC S, fomati ya Sony, huweka sauti ya namna hiyo ndani ya MP4, na kwa kuediti ni kitu kizuri sana kwa sababu hakuna kilichopotea, lakini TV nyingi zikikuta PCM ndani ya MP4 zinanyamaza tu.

Kwa hivyo picha haihitaji kuguswa. Unabadilisha sauti peke yake na picha unaihamisha vile iko, baiti kwa baiti. Tumia ffmpeg, ni programu ya bure, ilianzishwa na Fabrice Bellard mwaka 2000 na mpaka leo programu nyingi sana za video zinaitegemea kwa ndani. Haina vitufe, unaandika amri:

ffmpeg -i hotuba.mp4 -c:v copy -c:a aac -b:a 192k hotuba_tv.mp4

Hapo -c:v copy inasema picha ihamishwe bila kufunguliwa, na -c:a aac inasema sauti ibanwe kwa AAC, kodeki ya sauti kama ile ya faili yako ya kwanza. Hata kwa laptop ya zamani hiyo ni kazi ya dakika chache, kwa sababu kazi kubwa iliyobaki ni kukopi. Ubora wa picha haushuki hata chembe.

Ya tatu ndio hiyo lazima ibanwe upya, na ina mambo matatu kwa pamoja, ni HEVC, ni biti 10 (rangi zina hatua nyingi kuliko biti 8 ya kawaida), na ni 4K, yaani hiyo 3840 kwa 2160. TV nyingi zenye uwezo wa 1080p tu zitakwama kwa lolote kati ya hayo. Hii ndio amri:

ffmpeg -i simu.mp4 -vf scale=1920:-2 -c:v libx264 -crf 20 -preset medium -pix_fmt yuv420p -c:a copy -movflags +faststart simu_tv.mp4

Ile crf ndio ubora, namba ikipanda ubora unashuka na faili inakuwa ndogo. x264, ndio programu inayobana H.264, ikiachwa bila kuambiwa hutumia 23, mimi kwa harusi huweka 18 mpaka 20. Ile yuv420p ndio inairudisha biti 8, usiisahau, kwa sababu bila hiyo unaweza kupata H.264 ya biti 10 ambayo TV itaikataa vile vile na utashangaa tena. Sauti ni copy kwa sababu ni AAC tayari.

Kitu kimoja cha kuchunga. Simu ikirekodi biti 10 mara nyingi ni kwa sababu HDR imewashwa, ile ya kurekodi mwanga na rangi kwa upana zaidi. Angalia kwa MediaInfo kama imeandika BT.2020 na HLG au PQ, hizo ndizo alama za HDR. Kama iko hivo amri hiyo itakupa rangi zilizofifia, nguo nyekundu inakuwa kama imefuliwa sana, na itabidi uipitishe kwa programu ya kuediti inayojua kugeuza HDR iwe ya kawaida. Ukiwa na nafasi ya kuongea na familia kabla ya sherehe, waombe wazime HDR kwa simu zao. Kwa iPhone enda Settings, Camera, Formats, uchague "Most Compatible", hapo inarekodi H.264 badala ya HEVC.

mhariri_southb:

Nimesoma yote na nakubaliana na sauti_na_picha, naongeza tu upande wa anayeediti kwa sababu hii kazi ndio nafanya kila siku.

Dada zangu na kaka zangu mnaokonvati kila kitu kabla ya kuanza kuediti, tafadhali mwache. Kila ukibana upya kwa H.264 au H.265 kuna kitu kinatupwa na hakirudi. Mara ya kwanza huoni, ya pili unaona kwa giza la hema na kwa ngozi za watu, ya tatu ule mtandio wa bibi harusi wenye matundu matundu unakuwa ukungu. Hifadhi faili za kamera vile zilivyo, editi kutoka hizo, toa nakala moja ya mwisho. TV ikikataa, nakala hiyo ndio unabadilisha, ile asili usiiguse.

Na kama laptop inakwama ukiediti, hasa kwa HEVC, elewa kwa nini. Ukiruka mpaka katikati ya klipu, programu haiwezi kukuonyesha fremu hiyo peke yake, inarudi nyuma mpaka fremu ya I iliyo karibu alafu inajenga zote zilizofuata mpaka ifike hapo ulipo. Fanya hivo mara mia kwa dakika na prosesa inachemka. Ndio maana kuna kodeki za kuediti kama ProRes ya Apple ya 2007 na DNxHD ya Avid, ambazo kila fremu iko kamili. Faili ni kubwa mno lakini laptop inapumua. Kama diski yako ni ndogo tengeneza proksi, nakala ndogo za kuediti nazo, alafu siku ya kutoa kazi programu inarudi kwa zile asili yenyewe.

Sasa ile ya stima. Umeitaja kwa kupita lakini hapo ndipo nimeona watu wakilia, kwa sababu ruracio hairudiwi. MP4 na MOV ni ndugu wa damu, MP4 ilitokana na fomati ya QuickTime ya Apple iliyoanza 1991. Ndani ya faili kuna sehemu inaitwa mdat ambayo ndio picha na sauti zenyewe, na nyingine inaitwa moov ambayo ndio orodha ya kila kitu kiko wapi. Ukirekodi MP4 ya kawaida, hiyo moov inaandikwa mwisho, ukibonyeza stop. Betri ikiisha ghafla au stima ikipotea ukiwa unarekodi kwa kompyuta, umebaki na mdat ya giga kumi bila orodha, na hakuna programu ya kucheza video itakuonyesha hata sekunde moja. Picha ziko pale lakini hakuna anayejua ya kwanza inaanzia baiti gani.

Kwa hivyo ukirekodi kwa OBS, programu ya bure ya kurekodi na kurusha video, labda unarusha harusi moja kwa moja au ibada ya Jumapili, chagua MKV. MKV, jina kamili Matroska, ilianza 2002 na inaandika vitu kwa mafungu mafungu vile inaendelea, stima ikipotea unapoteza sekunde za mwisho tu, zilizotangulia zinacheza. Ukimaliza, OBS yenyewe iko na sehemu ya "Remux Recordings" kwa menyu ya File, inahamisha MKV iwe MP4 bila kubana upya, au tumia ffmpeg na -c copy. Na kama tayari una MP4 iliyokatika, usiifute. Kuna programu ya bure inaitwa untrunc, unaipa faili iliyoharibika na nyingine nzima kutoka kamera ile ile kwa mipangilio ile ile, na inajaribu kujenga orodha upya kwa kuiga ile nzima. Haifaulu kila wakati lakini ijaribiwe kabla ya kumpigia mteja simu.

Alafu ile +faststart iliyo kwa amri hapo juu inahusu moov hiyo hiyo. Inaihamisha ikae mwanzo wa faili, ili mtu akifungua video kwa intaneti ianze kucheza bila kungoja mwisho wa faili ufike.

kamera_ya_umoja:

Hotuba imechukua muda mfupi sana kubadilika na sauti iko! Ya simu bado inaenda, ni pole pole lakini inaenda. Swali dogo mhariri, naweza kuhamisha MKV yoyote iwe MP4 kwa -c copy?

mhariri_southb:

Nyingi ndio, lakini sio zote. MKV inakubali karibu chochote ndani, MP4 inachagua. H.264, H.265 na AAC zinahama bila neno. Maandishi ya chini ndio husumbua, yale ya SRT lazima yageuzwe, ongeza -c:s mov_text kwa amri, na yale ambayo ni picha kama ya diski za Blu-ray hayaingii. Sauti ya DTS, kodeki nyingine ya sauti, inaweza kuhama lakini TV nyingi hazitaitoa, hapo geuza sauti peke yake iwe AAC kama ulivyofanya kwa hotuba.

skrini_za_125:

Mimi nafunga skrini na miziki kwa matatu za Rongai na naomba niseme neno kwa sababu hii shida naiona kila wiki. Deejay analeta miksi ya video imetengenezwa vizuri sana, 4K, H.265, alafu anakasirika eti mashine ya gari ni mbovu kwa sababu inaonyesha giza. Mashine nyingi za kwa gari ni chipu ndogo tu. Mpe H.264, 720p, biti 8, profaili ya High na leveli isizidi L4 (ile MediaInfo huandika High@L4), sauti AAC, na itacheza kutoka stendi mpaka mwisho wa ruti bila kukwama. Kwa skrini ya inchi kumi na kitu iliyofungwa nyuma ya kiti hakuna abiria ataona tofauti ya 720p na 4K.

Kuna zile mashine za zamani kabisa bado ziko barabarani, hizo hata H.264 hazijui, zinataka AVI, fomati ya Microsoft ya 1992, na ndani yake picha ya Xvid, kodeki ya zamani, na sauti ya MP3. Hapo ndio maana watu hushauri ".avi", walisikia AVI inacheza wakadhani ni jina, na ni ile Xvid ya ndani.

Na ukubwa wa flashi. Mashine nyingi husoma flashi iliyofomatiwa FAT32 tu, na FAT32 haibebi faili moja inayozidi giga 4. Kwa hivyo panga bitireti kabla, yaani megabiti ngapi kila sekunde. Gawanya megabiti kwa 8 upate megabaiti. Megabiti 8 kwa sekunde ni megabaiti 1 kwa sekunde, ni 60 kwa dakika, ni giga 3.6 kwa saa. Miksi ya saa moja inatosha. Ya masaa mawili tia megabiti 4, utarudi pale pale kwa giga 3.6, ongeza sauti kidogo na bado uko ndani. Ukizidisha, kompyuta itakataa kukopi na kusema faili ni kubwa hata kama flashi iko na nafasi ya giga 30.

bando_la_usiku:

Na ya kutuma kwa WhatsApp? Video yangu ikifika kwa mtu inakuwa matope.

sauti_na_picha:

WhatsApp ikiona umetuma kama video inaibana upya kwa kiwango chake. Itume kama dokumenti, hapo inaenda vile iko, mpaka giga 2. Lakini anayepokea atatumia bando lake lote, kwa hivyo muulize kwanza.

YouTube nayo inabana upya kila kitu unachoweka, inatoa nakala za H.264, VP9 na nyingine AV1, kodeki ya bure iliyotoka 2018. Kwa hivyo kule wape faili yenye ubora mkubwa uliyonayo, usiibane sana wewe mwenyewe kabla.

njeri_wa_reels:

Naomba niulize hapa hapa nisifungue mada nyingine. Narekodi mahojiano kwa simu na maiki iko pembeni kwa rekoda. Mwanzo vinaenda sawa, ikifika dakika ya ishirini mdomo na sauti vimeachana kabisa. Hii pia ni kodeki?

mhariri_southb:

Hapana Njeri, kodeki haina hatia hapo. Simu nyingi hurekodi kwa fremu zinazobadilika badilika, ukiwa kwa mwanga inatoa 30 kwa sekunde, chumba kikiwa na giza au simu ikipata joto inashuka 29 na kitu, alafu inarudi. Kontena inaandika kila fremu ilitokea wakati gani, kwa hivyo ukicheza kwa simu iko sawa, lakini programu nyingi za kuediti zinahesabu kana kwamba fremu zote zimepangwa kwa nafasi sawa, na hesabu hiyo inateleza polepole mpaka unaona. Angalia kwa MediaInfo, itakuandikia "Variable" kwa sehemu ya frame rate mode. Kabla ya kuediti ipitishe HandBrake, programu ya bure ya kukonvati, kwa sehemu ya video uchague "Constant Framerate" na ubora juu kidogo, RF 16 au 17 (RF ni kama ile crf), kwa sababu hii ni ya kuediti bado. Hapa ndio mahali nakubali ubanaji wa ziada, hakuna njia nyingine nzuri.

Na rekoda ya pembeni inaweza kuteleza kidogo peke yake kwa sababu saa yake na ya simu sio moja, hiyo ukikata sauti kila dakika kadhaa na kuisogeza inaisha. Rekoda iweke 48 kHz, sio 44.1, video karibu zote ziko kwa 48.

Ukinunua programu ya kamera ya simu inayokuruhusu kufunga fremu, funga 25 badala ya 30, na shata, yaani muda kila fremu inapokea mwanga, 1/50 ya sekunde. Stima yetu ni ya 50 Hz, taa za ofisini na zile tyubu zinapepesa mara 100 kwa sekunde, na 25 inagawanyika nayo vizuri. Kwa 30 na shata ya 1/60 utaona ile mistari ya giza ikitembea ukutani nyuma ya mtu unayemhoji, na hiyo ikishaingia kwa picha kuitoa ni kazi ngumu sana.

njeri_wa_reels:

Imeandika Variable, ndio hiyo. Na mistari pia ninayo, nilidhani ni simu inaharibika. Nafunga 25 kesho.